Fundi alikuwa anabakiza nusu ya sahani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni muuza vitumbua wa Tandika, si mbali na sokoni, na gazeti lenu nalisoma karibu kila siku ingawa sikumbuki lini mara ya mwisho nililinunua. Linanifikia likiwa la kufungia. Ndivyo nilivyokutana na makala yenu ya kiharusi. Nilikuwa nimeshamfungia mteja vitumbua vinne, nikaliona neno lenyewe pembeni ya doa la mafuta, nikamwomba anirudishie karatasi. Akapewa nyingine, ya michezo, akaondoka amefurahi zaidi.

Makala yenyewe ni nzuri, sina ugomvi nayo. Mmeeleza presha, mmeeleza chumvi, mmeeleza mdomo kwenda upande na mkono kulegea, na kwamba mgonjwa akimbizwe hospitali, asipelekwe kwanza kwa watu wa kufukiza. Kweli kabisa. Ila mmemfikisha mgonjwa hospitali mkamwacha hapo hapo. Wangu alifika hospitali. Alitibiwa, akapona kwa maana ya kwamba hakufa, akarudishwa nyumbani. Mambo ninayotaka kuyasema yanaanzia pale aliposhushwa kwenye bajaji, tukabaki tunatazamana, mimi na yeye na kizingiti cha mlango.

Baba watoto ni fundi cherehani. Amekaa kwenye baraza moja miaka ishirini na sita, na mtaa mzima wanamwita Fundi, hata mimi mwenyewe nikisahau. Kiharusi kilimpiga mwaka juzi, Ramadhani ikiwa imebakiza siku nne, wakati ambao fundi nguo halali. Upande wa kushoto wote ukalala, mkono na mguu. Nguo za Idi za watu zikabaki zimekatwa hazijashonwa. Hizo nazo zilinipa kesi zake, lakini tuziache.

Siku ya kuruhusiwa tulipewa vidonge vya presha, tarehe ya kliniki, na neno moja: mazoezi. "Afanye mazoezi, mama." Mazoezi gani, hakuna aliyesema. Basi kila asubuhi nikawa naushika ule mkono wa kushoto na kuunyoosha kwa kuuvuta, kama mtu anayekamua shuka. Fundi anagugumia, mimi namwambia vumilia. Nimekuja kuelezwa baadaye kwamba mkono uliolegea kwa kiharusi hauvutwi. Misuli inayolishikilia bega imelala, ukivuta bega linashuka kutoka mahali pake. Miezi kadhaa nimekuwa namvunja mume wangu bega huku namwombea dua.

Na hayo mengine yote nilimfanyia kwa nia hiyo hiyo njema. Nilimwogesha, nikamvalisha, nikamnyoa ndevu, nikampeleka chooni na kumsafisha. Nikimwinua kitandani nampitisha mikono kwapani, nambeba kama gunia. Saa tisa usiku niko kwenye unga wangu, saa kumi na moja kikaango kiko motoni, saa moja nakimbilia ndani kumshughulikia, saa mbili nimerudi barazani kumalizia kuuza. Wifi zangu wakanisifu sana. Mke ndiye huyu, wakasema. Nikasifika, na Fundi akazidi kuisha.

Kula alikula mwenyewe, maana mkono wa kulia ni mzima. Lakini alikuwa anabakiza. Namwekea wali na samaki na mchicha, anakula wali, anakula samaki, mchicha hagusi. Nikasema hataki mchicha, nikapika kisamvu. Kisamvu hakigusi. Kesho yake nikapika bamia, nazo anazila zote, lakini samaki anambakiza mzima! Nikaanza kununa. Mtu unahangaika na mafuta tangu usiku, ukirudi unakuta sahani imeliwa upande mmoja kama iliyopigwa mstari katikati. Usiku ndiyo kabisa, akawa hataki chakula. "Nimeshiba," anasema, na mbavu nazihesabu. Mama mkwe akasema huyu kakata tamaa. Jirani mmoja akasema si bure, kuna mkono wa mtu. Mimi nilisema, Mungu anisamehe, ana deko.

Miezi saba ilipita hivyo.

Aliyetutoa ni binti anayesomea uuguzi, mteja wangu wa alfajiri. Siku hiyo niliinama kuchochea mkaa nikashindwa kunyooka, mgongo umekamata. Akaniuliza nimefanya nini, nikamweleza habari za kumbeba mzee. Akasema, "Mama, mmeshakwenda tiba kwa vitendo?" Nikamjibu tumekwenda mazoezi ya viungo mara tatu, nauli ikakatika. Akasema hiyo ni nyingine, na ni muhimu, lakini mimi nauliza tiba kwa vitendo. Nikamtazama. Nina miaka hamsini na mbili, nimezaa watoto wanne katika hospitali za jiji hili, nimeuguza mama yangu hadi amezikwa, na neno hilo sikuwahi kulisikia.

Wengine wanaiita tiba kazi. Hilo jina la pili lilimkera Fundi kabla hata hatujafika. "Kazi gani, na mimi mgonjwa?" Tulipofika, dada mmoja mtaratibu, umri wa binti yetu wa pili, akamweleza kuwa kazi inayosemwa hapa si ajira. Ni yote yanayomshughulisha mtu tangu anafumbua macho mpaka anayafumba: mswaki, choo, kuvaa shati, kupika, kuswali, kushona, kucheza bao. Akasema chama cha kwanza cha fani hii kiliundwa Marekani mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba askari waliorudi wameumia miili na akili walikuwa wanapewa kazi za mikono, kufuma, useremala, mambo kama hayo. Fundi akauliza, "Na kushona?" Akajibiwa, "Na kushona, baba." Hapo ndipo alipoketi vizuri.

Mhariri, nilitegemea aushike ule mkono aanze kuukunja. Hakuushika. Alimuuliza, "Baba, kabla hujaugua, siku yako ilikuwa inakwendaje?" Fundi akasimulia, kwa ule ulimi wake mzito, tangu adhana ya alfajiri mpaka anafunga cherehani kwa kitambaa cha kijani. Ilichukua muda. Kisha yule dada akauliza, "Sasa katika hayo, unataka kipi kirudi kwanza?" Mimi nikajibu upesi: kushona. Akanigeukia kwa adabu. "Mama, samahani, namuuliza baba."

Fundi alikaa kimya mpaka nikaona aibu. Halafu akasema: "Nataka niende chooni peke yangu."

Wasomaji mtaniwia radhi kwa nitakayoyaeleza, lakini nikiyaficha barua hii haina kazi. Sisi ni Waislamu, na hata wasio Waislamu wa pwani hii wanajua: mkono wa kulia ni wa kulia chakula, wa kushoto ndio wa chooni. Mkono wa kushoto wa Fundi umekufa. Ndiyo kusema ajisafishe kwa ule anaolia, na hilo roho yake ilikataa katakata. Akaona heri nimsafishe mimi. Lakini na kusafishwa na mkewe kila siku kulikuwa kunamtafuna, mtu mzima, babu wa wajukuu watatu. Alichofanya ni kuacha kula, ili asiende. Ile "nimeshiba" ya usiku ilikuwa hiyo. Miezi saba tumelala kitanda kimoja sikuijua, na yule dada aliipata kwa swali moja tu: "Ukienda, unatumia mkono gani?"

Kisha akampa karatasi yenye vistari vifupi vifupi vimetawanyika kila mahali, na kalamu. Akamwambia akate kila kistari anachokiona. Fundi akakata, taratibu, kwa mkono wa fundi usiotetemeka. Akaweka kalamu chini. "Tayari." Nikainama kuangalia. Vya upande wa kulia alivikata vyote, hakuruka hata kimoja. Vya kushoto havikuguswa. Nikadhani anatania.

Tukaelezwa kuwa macho yake ni mazima. Kiharusi chake kilipiga ubongo upande wa kulia, na ubongo wa kulia ndio unaotawala kushoto kwa mwili. Kwa baadhi ya watu walioumia hapo, mkono na mguu kulegea si mwisho wa habari: ubongo unaacha kabisa kujali kuwa kuna upande wa kushoto. Mtu haoni kuwa haoni. Nikakumbuka anavyojigonga kwenye fremu ya mlango, daima ya kushoto. Nikakumbuka siku aliyotaka kujinyoa mwenyewe akatoka na nusu ya ndevu, nikacheka, nikammalizia. Nikakumbuka mchicha, na kisamvu, na yule samaki! Hakuna alichokuwa anakikataa. Alikuwa anakula sahani yote aliyoiona.

Kwa hiyo sahani moja ilikuwa na sababu mbili, na mimi nilikuwa nimeipa ya tatu.

Dawa ya kwanza tuliyopewa haikuwa ya kununua. Ni utepe mwekundu. Ubandikwe ukingo wa kushoto wa sinia, wa meza, wa mlango, na Fundi afundishwe kuutafuta kwa macho kabla hajaanza jambo lolote. Ageuze kichwa mpaka auone, ndipo aanze. Mimi nilikatazwa kumzungushia sahani. "Ukimzungushia, mama, umekula wewe." Siku za mwanzo zilikuwa za vita. Namwambia tafuta utepe, ananiambia hakuna utepe, mimi nauona. Sasa anautafuta bila kuambiwa, ingawa akichoka au tukiwa na wageni anasahau.

Habari ya choo ilimleta yule dada nyumbani. Tunapanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili, choo ni cha uani, cha kuchuchumaa, cha wapangaji wote. Alikuja na futi kamba kama fundi. Akapima kizingiti, akapima mlango, akakaa juu ya ndoo kupima urefu ambao Fundi anaweza kuinuka. Tukanunua kiti cha plastiki cha kawaida, seremala wa mtaani akakikata tundu katikati na kukiimarisha miguu, kikawa kinawekwa juu ya tundu la choo. Akimaliza kinatolewa, maana wenzetu nao wana haki zao. Dumu la lita kumi likatundikwa ukutani na koki, na mpira mwembamba ukashuka mpaka chini ya kiti. Anafungua koki, maji yanachuruzika yenyewe, mkono unabaki huru. Na kwa mkono akashoniwa kifuko cha taulo cha kuvaa kama glavu, vipo vinne, vinafuliwa na kuanikwa mbali na nguo nyingine. Nje sabuni na kibuyu chirizi. Fundi hakuridhika mpaka alipomuuliza shehe wa msikiti wetu, na shehe alimwambia dharura ina hukumu yake, tena akamshangaa aliyekaa miezi saba bila kuuliza.

Msumari wa kutundikia dumu ulituletea maneno. Mwenye nyumba alisema ukuta wake hautobolewi. Chuma cha kushikilia wakati wa kuinuka ndiyo kabisa, alikikataa mbele za watu. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, lakini hebu nenda na sheria kwa mwenye nyumba wa uswahilini ukiwa na kodi ya miezi miwili hujalipa. Tulipata msumari. Chuma hatujapata mpaka leo. Fundi anashikilia mgongo wa kiti cha pili, na mimi nasimama nje ya mlango najifanya nafua.

Siku aliyotoka mwenyewe, amejifunga kikoi chake, fimbo mkono wa kulia, alipita ukumbini bila kunitazama. Usiku ule alikula wali wote, akaomba ukoko.

Kuvaa nako kuna ujuzi wake, na huu wasomaji mnaweza kuuchukua bure. Mkono mgonjwa unatangulia kuvaa na unachelewa kuvua. Nilikuwa nafanya kinyume, naanza na mkono mzima kwa sababu ni rahisi, halafu tunapigana na ule mwingine mpaka shati linachanika. Vifungo vilimshinda. Yeye mwenyewe akatoa shauri tuvifumue, ndani tubandike utepe wa kunatana kama wa viatu vya watoto, halafu vifungo virudishwe juu kwa sura tu. Yule dada aliliangalia lile shati akasema hilo atawafundisha wengine. Fundi alilivaa siku tatu mfululizo.

Na kuinuka. Mimi sibebi tena. Anasogea ukingoni mwa kitanda, miguu inarudi nyuma kidogo, anainama mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo anasimama. "Pua ipite vidole," wajukuu wameufanya wimbo. Mgongo wangu ulipona kabla ya mguu wake.

Nilianza kudhani huduma hii ni ya wenye kiharusi. Benchi la kusubiria ndilo lililonifundisha, maana ukikaa pale saa mbili na wiki ijayo tena, unajuana na watu. Kulikuwa na mama kijana kutoka Mbagala ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo, miaka minne. Alikuwa akimlisha uji amemlaza chali mapajani, kama tulivyolishwa sisi wote, na mtoto kila mwezi ana kikohozi cha kifua. Akaonyeshwa kumkalisha wima, kidevu kikiinamia kifua kidogo, uji usiteremkie njia ya hewa. Wakamtengenezea kiti kwa maboksi na gundi ya unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka mpaka kikawa kigumu kama mbao. Nilikigonga kwa mkono, sikuamini ni boksi.

Mwingine alikuwa na mwanawe mwenye usonji, wa darasa la kwanza, hawezi kuvaa sare. Mbinu aliyopewa ilinichekesha, halafu nikaiiba. Mzazi anamvalisha kila kitu, anamwachia jambo la mwisho tu: kuvuta soksi kutoka kifundoni kwenda juu. Mtoto anavuta, amemaliza, anasifiwa, na kweli kamaliza yeye. Akilimudu hilo, anaachiwa na la kabla yake. Kazi inafundishwa kuanzia mkiani. Kuna kijana wa karakana aliyekatwa na grenda, amefungwa banzi la kushikilia vidole, anaokota choroko moja moja na kubana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa bakuli, anasonya kila anapoangusha. Kuna bibi wa Kigamboni, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, yeye shida yake ilikuwa mwiko na mfuniko wa chupa. Mpini wa mwiko ukazungushiwa mpira wa tairi la baiskeli mpaka ukanenepa, akawa anausonga ugali tena. Na kulikuwa na mwanamume mmoja mzima wa viungo vyote, amevaa vizuri, anatoka kwenye maradhi ya akili. Yeye alikuwa anajifunza upya kupanga siku, kwenda sokoni na orodha na kurudi na chenji. Hatukumuuliza mengi.

Kati ya wote hao niliozungumza nao, mmoja tu aliambiwa habari ya huduma hii na hospitali iliyomtibu kwanza. Wengine ni kama mimi, kwa jirani, kwa mteja, kwa kusikia kwenye daladala. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, Mhariri. Sidai miujiza. Nadai sentensi moja. Ile karatasi ya kuruhusiwa ina nafasi ya kuandika vidonge na tarehe. Iandikwe na hii, kwamba huyu aende tiba kwa vitendo, mahali fulani, siku fulani. Na anayemwandikia ageuke kwa aliyekuja kumchukua mgonjwa amwambie: usimvute mkono. Maneno mawili. Yangemwokolea Fundi bega lake, ambalo hadi sasa linamuuma mvua ikikaribia.

Najua wataalamu wenyewe ni wachache. Wengi wao wamesomea Moshi, pale hospitali ya KCMC, na ukitazama foleni unaelewa hawatoshi. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu zaidi ya milioni tano na laki tatu katika mkoa huu peke yake. Shirika la Afya Duniani nalo linasema watu bilioni 2.4 duniani wana hali ya kiafya ambayo huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa kujifanyia mambo yake, zingewasaidia. Hiyo bilioni siwezi kuipigia picha, mimi nahesabu kwa kikaango. Bajaji ya kwenda na kurudi ilikuwa elfu ishirini. Kitumbua changu ni shilingi mia mbili. Ni vitumbua mia moja, kila wiki, kabla hujanunua mchele wa kesho. Daladala tulijaribu mara moja; konda alipiga mluzi Fundi akiwa na mguu mmoja chini, hatukurudia. Hivyo wanaopanga wataalamu waangalie na vituo vya afya vya huku kwetu, hata kama ni mtu mmoja kwa siku moja ya wiki. Na kwa kuwa sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, wanaokaa kupanga mafao waikumbuke na huduma hii, wasidhani tiba ni sindano na vidonge tu.

Na kwenu nyie wa magazeti, tarehe 27 Oktoba ya kila mwaka ni Siku ya Tiba kwa Vitendo Duniani, tangu mwaka 2010. Sijaona hata kipande chake kwenye karatasi zangu za kufungia, nami nafungia kwa wingi. Mtumeni mwandishi akakae kwenye benchi lile asubuhi moja.

Mtataka kujua kama Fundi anashona. Anashona kwa kiasi chake. Cherehani ni ile ile ya miguu, anaikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, wa kushoto umewekewa kibao cha kupumzikia. Mkono wa kushoto bado haushiki kitambaa. Ameambiwa aufanye jiwe, auweke juu ya nguo uizuie isikimbie, na kweli unazuia. Ukingo wa kushoto wa meza una utepe mwekundu. Suti hawezi, gauni hawezi. Anapinda kanga. Zamani kanga zilikuwa za mwanafunzi wake, yeye hazigusi. Sasa doti moja inamchukua karibu nusu saa na mstari wake umenyooka kuliko wa mtu mwenye mikono miwili hapa mtaani, nasema hivyo na mwenye kuumia aumie. Mteja wa kwanza alikuwa wifi yangu mkubwa, yule aliyenisifu. Alipokuja kuchukua zake alitaka kulipa zaidi, kama sadaka. Fundi alimrudishia chenji yake.

Nakomea hapa, mteja wa mwisho ameondoka na kutoka huku nilipo nasikia mkasi umeanguka. Umeangukia kushoto, naujua mlio wake kwenye ile sakafu. Anautafuta, anaguna, ananiita. Nami nimekatazwa kwenda kuuokota.

Muuza Vitumbua,
Tandika, Dar es Salaam.

(Jina langu unalo, Mhariri. Fundi ameisoma barua hii yote, kuanzia kushoto, na ameruhusu habari ya choo ichapishwe. Jina hakuruhusu.)